Nimetembezwa Bhuj kwa miguu siku nzima: makasri, mahekalu na nyufa za tetemeko (uzi mrefu, kaa vizuri)

Makorora_Juu:
Wakuu salaam. Huu uzi nimekaa nao kichwani wiki mbili, leo nauandika kwa vipande maana natumia simu na chaji ni ya kugombania. Nipo India, Ahmedabad, nimemleta mama kwa matibabu. Daktari akatupa siku 10 za kusubiri kabla ya kumuona tena, dada yangu naye akawa amefika kupokea zamu, nikaona nisikae gesti naangalia dari wakati Bhuj iko treni moja tu ya usiku kutoka hapa.

Kwa nini Bhuj? Pale kwetu Tanga, Ngamiani, kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi anauza vitambaa, Kiswahili chake cha Tanga kabisa, kila akipima kitambaa anasimulia kwao Bhuj, ziwa liko katikati ya mji, kasri la vioo, hekalu lenye milango ya rangi rangi. Mwezi wa kwanza 2001 akafunga duka siku kadhaa, sisi watoto tukawa tunapita tunaona kufuli hatuelewi. Aliporudi dukani akawa hasimulii tena. Nilikuja kujua ukubwani kwamba tarehe 26 Januari ya mwaka huo, saa mbili na dakika arobaini na sita asubuhi, Bhuj na Kutch nzima (jimbo dogo la Gujarat ambalo Bhuj ndo mji wake mkuu) ilipigwa na tetemeko wakafa watu zaidi ya 13,000, wengine wanataja hata 20,000. Kwa hiyo safari yangu haikuwa ya kitalii tu, nilikuwa naenda kuangalia kama yale mambo ya mzee bado yapo.

Naendelea chini.

Bibi Kiroboto:
Pole na kuuguza kaka, Mungu amjalie mama shufaa. Tupo hapa, endelea usituache njiani.

Makorora_Juu:
Ahsante dada, mama anaendelea vizuri.

Basi, nimeshuka asubuhi baridi kali, nimevaa sweta na bado natetemeka, nikachukua bajaji hadi ziwani. Nilishaunganishwa na mzee mmoja mwalimu mstaafu anayetembeza wageni, na tulikuwa watano, mimi, wanandoa kutoka Pune na vijana wawili wanafunzi wa usanifu majengo. Kila sehemu tukifika, yule mzee haanzi na jengo. Anatugeuza kwanza, tunaligeuzia jengo mgongo, anafungua albamu yake ya picha za kabla ya 2001 zilizowekwa kwenye mifuko ya plastiki, anainyanyua usawa wa macho, anasema angalieni hapa palikuwa na nini. Kwenye picha unaona nyumba ya ghorofa mbili ina baraza la mbao, ukiishusha albamu unaona pikipiki zimepaki. Halafu ndo anatugeuza tuangalie kilichobaki. Alifanya hivyo siku nzima, na mpaka saa sita nikawa nageuka mwenyewe kabla hajasema.

Tulianzia Ziwa Hamirsar. Limeitwa kwa jina la Rao Hamirji aliyeanzisha mji 1510 (Rao ndo cheo cha wafalme wa Kutch), halafu mwaka 1549 Rao Khengarji wa Kwanza akaufanya makao makuu. Kutch ni nchi kavu wadau, mvua ni ya kuhesabu, kwa hiyo wazee wa zamani walichimba mifereji kutoka mabonde ya mbali kuleta maji hapa, na kutoka hapa yanajaza visima vya mji. Mpaka leo mvua ikiwa nzuri ziwa likafurika, mji mzima unapewa mapumziko, mwenyekiti wa manispaa anakuja kulifanyia ibada, na watu wanagawiana ladu, vile vitamu vya duara. Yaani ziwa likijaa watu hawaendi kazini! Mzee alivyokuwa anasimulia hiyo uso wake ulibadilika kabisa, akasema kuna miaka watoto wanakua hawajawahi kuiona.

Hatua chache kutoka hapo kuna Ramkund, kisima cha mraba cha kushuka kwa ngazi, kuta zake zimechongwa habari za Rama, mungu wa Wahindu. Unashuka ngazi pande zote nne kama unaingia kwenye bakuli la mawe. Kelele za honi zote zinabaki juu. Nilikaa pale dakika kumi sitaki kutoka.

Fundi_Chokaa:
Mkuu hiyo staili ya albamu imenigusa. Swali, lugha mlikuwa mnatumia gani, na kuzunguka huko kunahitaji gari?

Makorora_Juu:
Kiingereza na Kihindi kidogo, yeye na wenyeji wenzake Kikutchi. Gari huhitaji kabisa, mji wa kale ni mdogo, ziwa, makasri, mahekalu na makaburi ya wafalme vyote ni mguu. Ila nenda miezi ya baridi, kuanzia Novemba hadi Februari, jua la mwezi wa tano la Kutch usilijaribu. Na vaa viatu vya kuvua haraka, mahekalu ni mengi, mimi na buti zangu za kamba nilikuwa kila mara wa mwisho kuingia.

Sasa tuje kwenye kasri la vioo, Aina Mahal. Lipo ndani ya ua mkubwa unaitwa Darbargadh, zamani ulikuwa mji wa mfalme ndani ya mji. Lilijengwa miaka ya 1750 na Rao Lakhpatji, mfalme aliyependa muziki na ushairi mpaka akafungua shule ya kufundisha ushairi pale pale Bhuj mwaka 1749. Aliyelijenga ni Ramsingh Malam. Huyu mtu wakuu ana historia! Alikuwa baharia, wanasimulia kwamba chombo chao kilizama akaokolewa na meli ya Waholanzi, akapelekwa mpaka Uholanzi, akakaa huko miaka 18 akijifunza kutengeneza vioo, vigae, saa na kuyeyusha chuma cha mizinga. Aliporudi wafalme wengine hawakumjali, Lakhpatji ndo akamsikiliza, akampa kazi, na baadaye akamrudisha tena Ulaya kuongeza ujuzi.

Ukumbi wa vioo una kuta za marumaru nyeupe zilizofunikwa vioo toka chini mpaka juu, kati ya kioo na kioo kuna nakshi za dhahabu. Sakafuni vigae vya bluu na nyeupe vya kuigiza vya Delft, mji wa Uholanzi, kumbe vilichomwa hapo hapo Kutch. Chumba kilichonikalia rohoni ni Fuvara Mahal, chumba cha chemchemi. Katikati kuna jukwaa la mraba la kukaa mfalme, limezungukwa na mfereji wa maji pande zote, na maji yalikuwa yanarushwa juu kwa pampu za Ramsingh. Mfalme anakaa pale katikati na joto lote la Kutch nje, maji yanamnyunyizia hewa, mishumaa inajirudia kwenye vioo, washairi wanasoma. Leo mfereji ni mkavu. Mzee akatuambia tuiname tuangalie ukingo wake, marumaru imelika kidogo upande mmoja kwa maji ya miaka mingi. Nikapitisha kidole, kweli inateleza.

Ghorofa za juu zilivunjwa na tetemeko, tunachoingia sisi ni kilichopona na kufanywa makumbusho. Kuna na mchoro wa karatasi ndefu wa msafara wa kifalme, mita kama 15, tembo, farasi, wapiga tarumbeta, unatembea nao ukutani kama vile upo barabarani wanapita.

Shangani_Boy:
Mkuu Makorora, hilo jina Malam usilipite hivi hivi. Malam kwa Kikutchi na Kigujarati ni nahodha anayejua nyota na njia za bahari, na limetoka kwenye Kiarabu muallim, neno lile lile lililotupa sisi mwalimu. Kwa hiyo huyo ni Ramsingh Mwalimu, mwalimu wa bahari. Na huko Kutch wanasema Kanji Malam, mtu wao, ndo aliyemuongoza Vasco da Gama kutoka Malindi kwenda India mwaka 1498. Vitabu vya zamani vilimtaja Ibn Majid, nahodha Mwarabu, lakini Wareno wenyewe waliandika kwamba rubani waliyepewa Malindi ni Mgujarati.

Makorora_Juu:
Shangani umenipa kitu. Maana mzee wetu alikuwa kila tukiuliza swali zuri ananigusa begani anasema "shabash", yaani hongera, na alitusimulia kwamba Mandvi, bandari yao kilomita kama 60 kutoka Bhuj, mpaka leo wanaunda majahazi ya mbao kwa mkono pembezoni mwa mto Rukmavati. Nilimwambia kwetu Tanga tulikuwa tunayaona majahazi hayo, akasimama kabisa, akataka nimueleze rangi zake.

Kasri la pili lipo ua huo huo, ukitoka Aina Mahal unaliona limekusimamia. Prag Mahal. Hili Rao Pragmalji wa Pili alilianza 1865, akamwita kanali Mwingereza, Henry Saint Clair Wilkins, alichore kwa mtindo wa makanisa ya Italia, matao yaliyochongoka, nguzo, mnara wa saa mrefu mita kama 45. Pragmalji alifariki 1875 hajaliona limekamilika, likamalizika 1879. Ndani kuna ukumbi mkubwa wa baraza la mfalme, mazuria yamekwisha, vinyago vya Kizungu vya plasta vimesimama pembeni, mataa ya kioo yamepungua vipande, na wanyama waliokaushwa wamewekwa ukutani, manyoya yanawatoka.

Nyie, hapa ndo nilielewa kazi ya yule mzee. Ukiingia mwenyewe utaona kasri bovu utapiga picha utatoka. Yeye alitusimamisha kwenye nguzo moja, akasema shikeni. Kuna mstari unapita kuanzia usawa wa goti langu unapanda mpaka juu ya tao, umezibwa kwa saruji ya kijivu, na jiwe lenyewe ni la njano. Akasema huu ni wa 2001. Akatupeleka nguzo ya tatu, kuna ufa mwingine, yeye anajua kila mmoja umeanzia wapi, anajua upi umeongezeka. Akasema siku ile alikuwa anajiandaa kwenda kwenye gwaride la Siku ya Jamhuri na wanafunzi wake, wao walikuwa bado uwanjani kwenye uwazi. Anjar, mji wa jirani, watoto walikuwa wameshaanza kuandamana kwenye uchochoro mwembamba na nyumba zikawaangukia pande zote mbili, watoto 185 na walimu 20. Hakusema tena kitu mpaka tumefika juu ya mnara, na sisi hakuna aliyeuliza.

Juu unaona mji wote, ziwa, milima, na upande wa hekalu paa jeupe linang'aa.

Mama_Zawadi:
Nimesoma hapo kwa watoto machozi yamenitoka. Asubuhi ya sikukuu, wamevaa sare zimepigwa pasi...

Makorora_Juu:
Pole dada. Hata mimi niliandika nikafuta mara mbili.

Sasa mahekalu. Wafuasi wa Swaminarayan, mtakatifu wa Kihindu, wengi tunawafahamu mpaka huku kwetu, hekalu lao la kale la Bhuj lilisimamishwa na Swaminarayan mwenyewe mwaka 1823. Sasa weka akilini kitu, Kutch ilishapigwa na tetemeko kubwa jingine Juni 1819, Bhuj ikabomoka vibaya. Yaani hilo hekalu la kwanza lilijengwa miaka minne tu baada ya mji kuanguka, na watu bado wanachambua vifusi. Halafu 2001 nalo likaanguka sehemu kubwa. Lango lake bado lipo, mbao zimechongwa tausi, wapiga ngoma, tembo, na kila kitu kimepakwa rangi, kijani, nyekundu, njano, hiyo ndo milango ya rangi rangi ya mzee wa Ngamiani. Nilisimama pale nikaiona milango yake. Nilitamani awepo hai nimpigie simu.

Hekalu jipya lipo karibu na ziwa, lilifunguliwa Mei 2010. Marumaru nyeupe tupu, nguzo 258, kuba, milango na viti vya miungu vimepakwa dhahabu. Wanaume mlango wao na wanawake hekalu lao. Viatu unaacha nje, marumaru asubuhi ni kama unakanyaga barafu. Ukiinua macho chini ya kuba kila kipande kimechongwa, mpaka unachoka shingo.

Nikamuuliza mzee, mbona hekalu limejengwa upya hivi, na kasri limeachwa na nyufa zake? Akajibu kwa kutumia mkono, akanyoosha kidole upande wa vijiji vilivyozunguka mji, Madhapar, Baladia, Sukhpar. Akasema wenye hekalu wako hai, wako London, wako Nairobi, kila mwaka wanarudi kuozesha watoto na kila anayerudi anauliza, hekalu letu limefikia wapi. Kasri ukimuuliza mtu ni la nani, atakwambia la Rao. Tiketi ya mlangoni haiwezi kurudisha paa.

Hilo jibu sijaacha kulifikiria.

Nguvu_Kazi_254:
Kaka mimi ni wa Nairobi na hao Mapatel wa Kutch ndo nimekulia kwao, baba yangu alikuwa fundi mwashi kwa kontrakta mmoja wa Madhapar miaka mingi. Majumba mengi ya hapa Nairobi yamejengwa na hao watu, wakianza na kazi za mikono, wao wenyewe wakibeba mawe. Baba husema baada ya hilo tetemeko kontrakta wake aliuza lori moja, pesa yote ikaenda Bhuj, na wafanyakazi pia wakachanga kidogo walichokuwa nacho. Sikujua hiyo pesa iliishia kwa jengo gani. Sasa nikisoma hapa naona marumaru nyeupe, nitamsomea mzee leo jioni.

Makorora_Juu:
Msomee ndugu yangu, na mpe salamu zangu. Inawezekana jasho la baba yako lipo pale kwenye nguzo.

Sehemu ya mwisho tulienda jioni, Chhatardi, makaburi ya wafalme, ingawa hayana miili kwa sababu walichomwa, ni vibanda vya mawe mekundu vya kumbukumbu. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Lakhpatji, yule yule wa kasri la vioo, kilikuwa na nguzo zilizochongwa na paa la kuba, tetemeko likakilaza. Mawe yamepangwa chini kwa mafungu. Katikati kuna jiwe la mfalme amepanda farasi na pembeni yake wanawake 15 wamechongwa wamesimama, upande mmoja saba, upande mwingine wanane. Hao ni masuria wake walioingia motoni naye alipofariki karibu 1760.

Mzee hapa hakutugeuza mgongo. Alituambia tuwahesabu mmoja mmoja kwa sauti. Tukahesabu. Kila mmoja nguo zake zimechongwa tofauti kidogo, bangili, mkono umenyanyuliwa. Asubuhi nilikuwa nimemsifia huyu mfalme mpenda ushairi, jioni nasoma hesabu ya wanawake wake. Mimi nadhani mzee alipanga njia makusudi, Aina Mahal kwanza, Chhatardi mwisho, na angepanga kinyume ningeshindwa hata kuviona vile vioo.

Mzalendo wa Pangani:
Umefanya vizuri kuliandika hilo. Na lingine lisisahaulike, utajiri wa Kutch wa karne ya 19 umetoka kwetu pia. Kampuni ya Jairam Shivji, Mkutchi, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa sultani miaka mingi kuanzia miaka ya 1830, pembe za ndovu zikashuka Mandvi kwenda kutengeneza bangili, na watumwa nao walipita kwenye forodha ile ile. Hukukutana na watu weusi huko?

Makorora_Juu:
Nilikutana nao mkuu, na nilikuwa nimewabakiza mwisho. Wanaitwa Masidi, wazee wao walitoka pwani yetu na Afrika ya Mashariki kwa ujumla, wengine watumwa, wengine mabaharia na askari. Wapo Bhuj na sehemu nyingine za Gujarat. Ngoma yao inaitwa dhamal na wengine huiita goma. Goma, wakuu! Mzee alinipitisha mtaani kwao tukitoka Chhatardi, mama mmoja alikuwa anaanika nguo, akaniangalia, akaniuliza kwa Kigujarati mimi ni wa wapi. Mzee akamjibu "Africa". Akaacha nguo akaja akanishika mkono, akaniangalia kiganja kwanza halafu usoni. Hatukuwa na lugha. Nikasema "ngoma" nikapiga kidogo kwenye ndoo yake, akacheka akasema "goma, goma", akaita wanawe waje waangalie.

Kuhusu pembe na forodha upo sahihi kabisa. Mzee wetu naye hakuficha, pale Aina Mahal mbele ya mlango uliopambwa kwa pembe aliniambia mimi peke yangu pembeni, "beta (mwanangu), sehemu ya nyumba hii ni ya kwenu".

Shangani_Boy:
Mimi nasoma huku natazama upande wa Forodhani, Zanzibar. Beit al Ajaib ya Sayyid Barghash ya 1883 iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki. Mtoto wa miaka mitano anayepita hapo sasa hajui ule upande ulivyokuwa. Hakuna anayesimama pale na albamu.

Makorora_Juu:
Ndo maana nikaufungua huu uzi kaka. Sisi tunao watembeza wageni wazuri sana Zanzibar, ila wengi wanawatembeza wageni, mtoto wa Darajani nani kamtembeza Shangani? Yule mzee wa Bhuj kila Jumapili anachukua watoto wa shule kwanza, wageni ni siku nyingine.

Nikirudi Tanga naanza na Barabara ya 9 na Market Street, nyumba za baraza zinabomolewa tunaangalia. Kwa hiyo naomba, mwenye picha za zamani za Tanga mjini, duka, arusi, gwaride, bandari, hata kama imekunjika, aiweke hapa chini na aandike nyumba iko mtaa gani. Nitazichapa niweke kwenye mifuko ya plastiki.

Bibi Kiroboto:
Ninayo moja ya bibi yangu 1974, amesimama mbele ya duka la vitambaa Ngamiani, nyuma yake Mhindi ameshika futi. Ngoja nikaitafute kabatini, usiufunge uzi.